Toleransi ya jumla ya profaili kwenye plati ya beringi: niweke ngapi, na datamu ziwe zipi?

Mchoraji_Gungu (Kigoma)

Wakuu, habari za kazi. Nina mchoro wa plati ya mwisho ya mashine ya kukamua mawese, ile inayobeba beringi ya skrubu. Plati ni 360 × 260 (vipimo vyote ni milimita), inakatwa kwenye plati ya 32 na kuchongwa ibaki 30. Katikati kuna tundu la 90 H7 (H7 ni daraja la usahihi wa tundu) la beringi 6210. Kuna matundu 4 ya bolti M16, yametobolewa 17.5, kwa mpangilio wa 280 × 180. Kuna pia tundu 1 la pini ya 12, liko 150 kulia kwa kitovu cha tundu la beringi. Plati inakaa kwenye flenji ya silinda. Kola ya silinda inaingia milimita 8 ndani ya tundu la 90, kisha beringi inafuata nyuma yake, na kifuniko cha beringi kinafungwa kwenye uso wa nje kwa bolti 6 za M8.

Kukata ni kwa plazma, Dar, na kuchonga kunafanyika huko huko. Sisi huku tunaunganisha tu. Reli ya Dar hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200, kwa hiyo kipande kikija na kasoro, hatuna anasa ya kukirudisha.

Miaka yote chini ya mchoro tumeandika ISO 2768-mK, kiwango cha toleransi za jumla, yaani tofauti inayoruhusiwa kwa vipimo visivyoandikiwa yake. Sasa mtu aliyeupitia amesema tuifute, tuweke toleransi ya jumla ya profaili (ukanda ambao uso lazima ukae ndani yake) 0.5 kwa datamu, yaani nyuso za kupimia kutoka kwake, A, B, C: A uso unaokaa kwenye flenji, B ukingo mrefu, C ukingo mfupi. Hoja yake ni kwamba vipimo vyetu vikubwa vilikuwa ±0.5, kwa hiyo 0.5 ni ile ile. Karakana imerudisha bei ya juu na swali: kweli mnataka kingo za plazma ziwe ndani ya 0.5?

Je, ushauri huo ni sahihi? Na kama ni sahihi, tutawezaje kukagua hapa wakati hatuna mashine ya kupimia ya CMM?

---

Kipimo_Sahihi

Mkuu, wazo ni zuri. Kilichokosewa ni namba na datamu, na makosa yote mawili ni ya kawaida sana.

Namba kwanza. Profaili 0.5 ni upana wote wa ukanda, nusu iko upande mmoja wa umbo kamili na nusu upande wa pili. Kwa hiyo ni ±0.25. Ukingo wa 360 uliokuwa ±0.5 kwa daraja la m (120 hadi 400) ukitafsiriwa kwa profaili unakuwa 1, si 0.5. Aliyewashauri amekata nafasi ya fundi nusu bila kukusudia, na karakana imefanya haki kuongeza bei. Ukingo wa plazma kwenye plati ya 32 una mteremko, juu na chini havilingani. Kuudai ±0.25 maana yake ni kuufresi (kuuchonga kwa mashine) mzunguko wote, kazi ambayo mashine yenu haina faida nayo hata kidogo.

Pili, kwa nini kuondoka kwenye mK. Herufi K ilikuwa inaelekeza kwenye ISO 2768-2 ya 1989, na sehemu hiyo imefutwa. Mahali pake ipo ISO 22081 ya 2021. Herufi m inatoka 2768-1, ambayo ni hati nyingine na inahusu vipimo vya mstari na pembe. Lakini hata K ilipokuwa hai haikuwasaidia mlivyodhani. Ilikuwa na unyoofu, ubapa, uwima, ulinganifu na kuyumba kwa mzunguko. Haikuwa na toleransi ya mahali. Matundu yenu ya bolti yalikuwa yanalindwa na ±0.5 ya daraja la m peke yake, na hiyo haisemi unapima kutoka wapi. Mmoja atapima tundu hadi tundu, mwingine atapima tundu hadi ukingo, kila mmoja ataona yuko sawa, na bolti haitaingia.

Jambo jingine la 2768 ambalo wengi hawalisomi: inasema kipande kilichozidi toleransi ya jumla hakikataliwi moja kwa moja kama kasoro haidhuru kazi ya kipande. Sentensi hiyo imezaa mabishano mengi kati ya mnunuzi na karakana, kwa sababu mchoro hausemi kazi ya kipande ni nini.

Sasa datamu, ambazo kwangu ndizo kiini cha swali lako. Profaili ya jumla haina maana bila mfumo wa datamu, kwani ukanda wa toleransi lazima ushikiliwe na kitu. Ukichagua ukingo wa plazma kuwa B, umeshikilia ukanda wote kwa uso ulio mbaya kuliko zote kwenye kipande. Ukiuweka juu ya meza unaegemea kwenye ncha ya mteremko, na kila mtu atakayepima atapata jibu lake.

Angalia plati inavyokaa kwenye mashine. Kwanza uso unagusa flenji: huo ni A. Halafu tundu la 90 linavaa kola ya silinda: hilo ni B. Mwisho pini ya 12 inazuia plati isizunguke: hiyo ni C. Kingo za nje hazigusi kitu chochote. Fuata mpangilio huo huo kwenye mchoro, na kingo zipimwe kutoka kwenye tundu.

Datamu zenyewe lazima uzilinde kwa toleransi zao, usitegemee ile ya jumla. A ipe ubapa 0.05. B iandike 90 H7, yaani +0.035 na 0, na uongeze herufi E ya duara. Chini ya ISO 8015, kiwango cha kanuni za msingi za toleransi, ukubwa na umbo ni mambo mawili tofauti, kwa hiyo bila hiyo E, tundu linaweza kupimwa pointi mbili mbili likapita huku limepinda. Kisha uwima wa B kwa A uwe 0.03. C ipe toleransi ya mahali kwa A na B.

Baada ya hapo profaili ya jumla iwe 2 kwa A, B, C, yaani ±1. Kazi yake ni kusimamia nyuso ambazo hakuna anayezihitaji ziwe nzuri: kingo, kona, mikato. Nyuso chache zenye kazi zinaandikwa moja moja. Watu wengi hufanya kinyume: wanachukua toleransi ya uso mgumu kuliko zote na kuifanya ya jumla, halafu wanashangaa bei.

---

FundiLezi_Isevya (Tabora)

Naunga mkono datamu. Kwenye matundu nina pingamizi, tena kubwa. Msiache tundu lolote la bolti litawaliwe na profaili ya jumla.

Chukua tundu la 17.5 kwa ile 0.5 ya mwanzo. Ukuta wa tundu unaruhusiwa kusogea 0.25 ndani au nje, kwa hiyo ukuta wote lazima uwe kati ya duara la 17.0 na duara la 18.0, yote yakiwa na kitovu mahali halisi. Maana yake ukubwa na mahali vinagawana mfuko mmoja. Drili ikitoa 17.5 kamili, kitovu kinaweza kuhama 0.25. Drili ikipanua hadi 17.8, nusu kipenyo imeshaongezeka 0.15, kimebaki 0.10 tu cha kuhama. Tundu kubwa linaadhibiwa, wakati kwa bolti tundu kubwa ndilo linalosaidia.

Sasa liandike vizuri: 17.5 yenye +0.3 na 0, na toleransi ya mahali kipenyo 0.5 kwa A, B, C ikiwa na M ya duara. Hiyo M inasema 0.5 ni ya tundu likiwa dogo kuliko yote yanayoruhusiwa. Tundu likitoka 17.8 unapewa nyongeza ya 0.3, mahali panakuwa kipenyo 0.8, kitovu kinaweza kuhama 0.40. Tundu ni lile lile. Kwa profaili 0.5 ulikuwa na 0.10, kwa mahali una 0.40, na bolti inaingia bila taabu.

Hizo namba zinatoka kwenye nafasi ya bolti: 17.5 kutoa 16 ni 1.5. Hiyo 1.5 inagawanywa kati ya plati yenye tundu wazi na flenji yenye hesi (uzi wa bolti). Plati ikichukua 0.5, flenji mnaweza kuipa 0.8, inabaki 0.2 kwa bolti iliyoinama kidogo.

Na kama mtaweka ile profaili ya 2 bila kugusa matundu, hali ni mbaya zaidi. Tundu litaruhusiwa kuwa popote kati ya duara la 15.5 na la 19.5. Duara la 15.5 ni dogo kuliko bolti yenyewe. Kipande kitapita ukaguzi na hakitafungika.

Pia sikubaliani na kupeleka profaili kwenye shafti. Kazi ya lezi inapimwa kwa maikromita, kipenyo kwa kipenyo. Acha ukubwa wenye ± au herufi za fiti, na kuyumba kwa mzunguko kutoka kwenye viti vya beringi. Ukiweka profaili ya jumla ya 2 kwenye shafti, angalia kona ya ndani inayokaa beringi. 6210 inataka mviringo wa kona hiyo usizidi milimita 1. Ukanda wa ±1 kuzunguka kona unaruhusu mviringo mkubwa kuliko huo, beringi inapanda juu ya kona na haifiki begani. Unadhani umeikaza, kumbe inaning'inia.

---

Kipimo_Sahihi

Fundi yuko sahihi kuhusu matundu, na kona ya shafti ni mfano mzuri sana. Iandikwe R1 na neno "isizidi" pale pale kwenye kona, kwenye mchoro wowote ule, iwe kuna profaili ya jumla au hakuna.

Niongeze mtego mmoja wa ISO 22081 ambao unawakamata wanaohama kutoka 2768. Zamani kipimo chochote kisicho na toleransi kilichukua ya jedwali. Sasa sivyo. Kipimo kinachosema uso uko wapi au una umbo gani kinapaswa kuandikwa ndani ya boksi, hicho ni kipimo kamili, na profaili ndiyo inayokitawala. Kipimo cha ukubwa, kama kipenyo au upana wa mfuo (tundu lililorefushwa), kinabaki bila boksi na kinatawaliwa na mstari wa ukubwa wa jumla kama umeuandika. Ukiacha kipimo cha kitovu hadi ukingo kikiwa tupu, bila boksi na bila ±, hakijatawaliwa na chochote. Mchoro haujakamilika hata kama unaonekana safi.

Kwa hiyo kubadilisha maandishi ya chini peke yake hakutoshi. Lazima upite kipimo kwa kipimo. Kwa plati hii ni kazi ya saa moja.

---

Mchoraji_Gungu (Kigoma)

Nimeelewa ile 0.5 na 1. Nimeelewa pia kwa nini kingo si datamu.

Ila nina wasiwasi na pini. Kola inavaa tundu la 90, halafu pini ya 12 nayo ina tundu la duara. Mwaka huu tumelazimika kugonga pini kwa nyundo kwenye vipande kadhaa. Je, toleransi ya mahali ya 0.1 itamaliza tatizo?

---

FundiLezi_Isevya (Tabora)

Haitamaliza. Hapo tatizo ni la usanifu, toleransi haiwezi kulitibu.

Tundu la 90 H7 kwenye kola ya g6 (daraja la fiti la kola, dogo kidogo kuliko tundu) lina nafasi ndogo: inaanzia 0.012 na haizidi 0.069. Kola tayari imeshika plati isisogee kulia wala kushoto. Ukiongeza pini ya duara kwenye tundu la duara, pini nayo inataka kushika kulia na kushoto. Umbali wa 150 kwenye plati na 150 kwenye flenji ukitofautiana kuliko nafasi hiyo, nyundo inaanza kazi. Na mkigonga, plati inasukumwa pembeni, kola inaegemea upande mmoja.

Pini kazi yake iwe moja tu, kuzuia mzunguko. Badilisha tundu la pini kwenye plati liwe mfuo: upana 12 H8, yaani +0.027 na 0, urefu 16, umelala kuelekea kitovu cha tundu la 90. Pini inakuwa na uhuru kuelekea kitovu, lakini haiwezi kupanda wala kushuka. Datamu C sasa ni bapa la katikati ya mfuo. Lipe toleransi ya mahali 0.1 kwa A na B.

Kama vipande vimeshatobolewa duara, msivitupe. Chukua pini, chonga pande mbili zinazotazamana ipungue hadi kama 10.5, halafu ipige kwenye flenji pande zilizochongwa zikitazama tundu la 90 na ukingo wa nje. Matokeo ni yale yale.

---

Kibirizi_Chuma (Kigoma)

Naomba nitie neno kabla wasomaji hawajaibeba profaili na kuipeleka kila mahali. Fremu ya mashine hiyo ni ya kuchomelea. Huko msiguse ISO 22081. Andikeni ISO 13920-BF, kiwango cha toleransi za jumla za kazi ya kuchomelea, na yatosha. Daraja B kwa urefu wa 400 hadi 1000 ni ±3, kwa 1000 hadi 2000 ni ±4. Ndivyo chuma kinavyotulia baada ya moto, huwezi kukishurutisha kwa karatasi.

Pale fremu inapobeba silinda na gia, chomelea pedi nene kuliko unavyohitaji, acha kama milimita 3 za kuchongwa, maliza kuchomelea kote, ndipo uchonge. Pedi hizo ndizo ziwe na datamu na profaili yao zenyewe. Ukichonga pedi kwanza halafu ukaongeza hata ukanda mmoja wa weldi, fremu inavuta na ubapa umekwenda.

Na kwa ukaguzi: kabla hujaagiza CMM kichwani, uliza kama profaili ya 2 inaihitaji kweli. Haihitaji.

---

FundiLezi_Isevya (Tabora)

Kweli kabisa. Ukaguzi wa plati hii unafanyika kwa meza ya kupimia, haiti geji (kipima urefu kutoka mezani), daiali geji (saa ya kupimia) na chuma kimoja cha pembe mraba kilichochongwa pande zake zote. Hatua zake nazieleza kwa mpangilio, kwa sababu ukizichanganya unapima kitu kingine.

Kereza mandreli (mhimili wa kupimia) inayoingia tundu la 90 kwa kusukuma kwa mkono, isiyocheza. Ipime kwa maikromita, mfano 89.99, andika namba hiyo juu yake. Tafuta pini ya 12 inayokaa vizuri kwenye mfuo, nayo ipime.

Bana uso A kwenye chuma cha pembe mraba kwa klampu mbili, plati ikisimama, mandreli na pini zikiwa zimetokeza mbele. Futa vumbi na vinyweleo vya chuma kabla ya kubana. Punje moja nyuma ya uso A inaharibu kazi yote, na ukingo uliotobolewa huwa na ukucha wa chuma usioonekana kwa macho, upitishie faili.

Sasa linganisha mstari wa B na C na meza. Vitovu vyote viwili viko kwenye urefu mmoja, kwa hiyo tofauti kati ya mgongo wa mandreli na mgongo wa pini lazima iwe nusu ya mandreli kutoa nusu ya pini. Kwa 89.99 na 12.00 ni 44.995 kutoa 6.000, yaani 38.995. Legeza klampu kidogo, inua kona ya plati kwa shimu (kipande chembamba cha bati) mpaka tofauti hiyo itokee ndani ya 0.02. Kaza, pima tena, maana kukaza kunasogeza.

Urefu wa kitovu cha B ni mgongo wa mandreli kutoa nusu kipenyo chake. Kuanzia hapo kila kitu ni kuongeza na kutoa. Ukingo wa juu uwe 129 hadi 131 juu ya kitovu. Ukingo wa chini 129 hadi 131 chini yake. Usipime pointi moja. Pitia urefu wote wa ukingo, na kila pointi upime upande wa mbele na upande wa nyuma wa unene, kwa sababu mteremko wa plazma umejificha hapo hapo. Pointi mbaya kuliko zote ndiyo jibu.

Kwa mwelekeo wa pili usiondoe plati. Laza chuma cha pembe mraba ubavu na plati ikiwa bado imebanwa, tafuta kitovu cha B upya, kisha kingo ziwe 179 hadi 181.

Matundu ya bolti: ingiza pini iliyokerezwa ikae sawa kwenye kila tundu, pima urefu wake pande zote mbili za mpangilio. Ukikuta tundu limehama 0.15 upande mmoja na 0.20 upande wa pili, umbali wa kuhama ni 0.25, na kwa lugha ya toleransi ya mahali hiyo ni kipenyo 0.50. Wengi husahau kuzidisha kwa mbili na kupitisha kipande kibovu.

Kona za mviringo tengenezea violezo viwili vya bati, kimoja cha umbo kubwa linaloruhusiwa, kingine cha dogo. Vyote vikae kwenye mandreli na pini, visishikwe kwa mkono.

---

Mchoraji_Gungu (Kigoma)

Asanteni sana wakuu. Nimeuandika upya. Karibu na kisanduku cha jina la mchoro nimeweka hivi:

Toleransi ISO 8015
Toleransi za jumla ISO 22081
Profaili ya uso: 2 | A | B | C
Ukubwa wa mstari: ±0.3

Unene wa 30 nimeuacha bila boksi uchukue ±0.3. Mashimo ya M8 ya kifuniko sijayagusa. Karakana pia inataka faili ya DXF ya kukatia, nimetoa kutoka kwenye modeli kama ilivyo. Kuna tatizo?

---

Kipimo_Sahihi

Yapo mambo manne ya kurekebisha.

Unene. Kola inachukua milimita 8, beringi ya 6210 ina upana wa 20, jumla 28. Kifuniko kina mdomo wa milimita 2 unaobana beringi kutoka nyuma. Ukiacha 30 ±0.3, plati ya 30.3 itaacha beringi ikitembea, na ya 29.7 itazuia kifuniko kisikae. Weka 30 ndani ya boksi na uso wa nje upewe profaili 0.1 kwa A. Uso huo lazima uchongwe, magamba ya kiwandani hayawezi kubaki. Kwa plati ya 32 mna milimita 2 tu za kugawana pande mbili. Ikiwa imekuja imepinda hazitoshi, kwa hiyo mwambie mkataji aichunguze kwa rula ya chuma kabla hajawasha plazma.

Mstari wa ±0.3. Baada ya unene kuondoka, hakuna ukubwa wowote kwenye plati hii usio na toleransi yake isipokuwa urefu wa 16 wa mfuo. Huo uandike 16 yenye +0.5 na 0, kisha futa mstari wote. Ukiubakiza, siku mtu ataongeza tundu na kusahau kuliandikia toleransi, litachukua ±0.3 ya ukubwa na halitakuwa na toleransi yoyote ya mahali.

Hesi za M8. Profaili ya jumla haifai kwa hesi. Zipe toleransi ya mahali kipenyo 0.4 kwa A, B, C kama tundu la kifuniko ni 9, kwani 9 kutoa 8 ni 1 ya kugawana na kifuniko.

DXF. Hapo msikate modeli kama ilivyo. Kingo za nje ziende kwa vipimo kamili, sawa, kwa kuwa hazichongwi tena. Tundu la 90 likatwe 82 hadi 84 ili zibaki milimita 3 au zaidi kila upande. Moto wa plazma unaacha ngozi ngumu kwenye mkato, na ukiacha nusu milimita tu, kisu cha kupanulia kinasugua ngozi hiyo badala ya kupita chini yake, kinakufa na tundu linakuwa na mawimbi. Matundu ya 17.5, mfuo na M8 yaondoe kabisa kwenye faili. Kwenye plati ya 32, tundu la plazma lililo dogo kuliko unene linatoka na umbo la faneli, na drili ikilifuata inaburutwa na mteremko huo hadi nje ya kitovu. Yatobolewe kwa mashine baada ya A na B kumalizika, kwenye ubanaji ule ule mmoja. Kama fundi atalazimika kukifungua kipande katikati ya kazi, aanze upya kutafuta kitovu kwa daiali geji ndani ya tundu la 90. Asikitafute kwa kupima kutoka ukingoni.

---

Mchoraji_Gungu (Kigoma)

Nimepokea yote. Narekebisha usiku huu, kesho asubuhi faili linakwenda Dar likiwa na namba mpya ya toleo, na DXF ya zamani nawaomba waifute.